Bitana ya Kulalia Mlimani

Mghange,
12 Mei 2024.

Wifi yangu Kathini,

Najua mwandiko huu utautambua kabla hujafika kwenye jina, na huenda ukatamani kuikunja barua uirudishe ndani ya bahasha. Nakuomba uisome hadi mwisho, ndipo uamue.

Tangu tumzike Harrison, mume wako na kaka yangu, ni miaka kumi na moja sasa, na hatujaandikiana hata mstari. Mwaka jana nilipata nambari yako nikakupigia mara tatu. Simu iliita hadi ikakata. Nilielewa.

Mimi ni mzima. Nilistaafu kufundisha, nalima kabichi kidogo na maharagwe. Sasa kuna jambo limenipata uzeeni. Watu wa chuo kikuu watapiga kambi juu ya mlima wa Vuria mwezi wa Julai, wiki tatu, waandike majina ya miti ya msitu ule kabla haijaisha. Wazee waliojua majina hayo kwa lugha yetu ya Kidawida wametangulia, kwa hiyo wamenijia mimi, kwa kuwa nilikuwa nikimfuata baba kuchuma dawa. Nitalala kwenye hema pamoja nao. Nina miaka sitini na tatu, na sijawahi kulala kwenye hema.

Wamenipa mfuko wa kulalia, ule wenye zipu unaoingia kama njugu kwenye ganda. Niliujaribu hapa nyumbani dirisha likiwa wazi, na kufikia alfajiri magoti yalikuwa yakigongana. Unahitaji bitana ya ndani yenye joto. Huku Wundanyi kitambaa kizito ni ghali, pensheni yangu haikifikii. Nikakumbuka kwamba wewe ulimshonea Harrison bitana ya flaneli alipokuwa askari wa msitu huohuo. Voi kuna mitumba mingi. Naomba unitafutie kitambaa cha bei nafuu.

Barua hii ataileta Ronald, anayeteremsha kabichi Voi kila Jumanne. Nimemwambia aulize soko zima ilipo cherehani yako.

Wifi yako,
Lois.

Voi,
21 Mei 2024.

Mwalimu Lois,

Barua nimeipata. Ronald alikuwa ameniona siku zote na hakujua mimi ni nani.

Wundanyi kuna mafundi, na mitumba inafika huko. Hukuniandikia kwa sababu ya kitambaa. Lakini umeuliza kitambaa, na mimi najibu kitambaa.

Nataka kujua: urefu wako kutoka utosini hadi kisigino. Upana wa mabega ukiwa umevaa sweta. Unalala chali au ubavu. Zipu ya mfuko iko upande gani. Utaubeba mwenyewe kupanda mlima au kuna wa kukubebea.

Kutafuta nguo ya baridi Voi ni kama kuulizia kitoweo kwa muuza viatu. Watu watanicheka. Usitume pesa bado.

Kathini.

Mghange,
26 Mei 2024.

Wifi Kathini,

Ahsante. Urefu wangu ni sentimita mia moja hamsini na nane, nilisimama mlangoni nikajitia alama kwa chaki. Mabega na sweta, arubaini na sita. Nalala ubavu, magoti nimeyakunja. Zipu iko kushoto. Nitaubeba mwenyewe. Daisy, msichana anayeongoza kambi, amesema kila mtu na mzigo wake, na sitaki nianze kwa kuonewa huruma.

Kuhusu kitambaa, ukipata flaneli kama ile ya Harrison nitafurahi sana. Naiona mpaka leo, ya buluu yenye mistari myeupe. Wewe ulikuwa umeiweka cherehani kibarazani kwenu ili upate mwanga, na ukungu ulikuwa bado haujapanda, bonde lote chini limejaa kama bakuli la maziwa. Ulikuwa ukiimba nyimbo za Kikamba huku miguu ikikanyaga, na mama jikoni kwake alikuwa anasimamisha kazi ya kukoroga kimanga, ule muhogo wa kuponda na maharagwe, ili asikilize. Alikuwa hajui neno hata moja. Siku moja nilimuuliza wimbo unasema nini, akasema, "Unasema mke wa mwanangu ameridhika." Nadhani sikuwahi kukuambia hilo.

Kisha Harrison alikuwa akishuka asubuhi kutoka msituni na ule mfuko begani, anakohoa kidogo, anacheka, anaomba chai kabla hajavua viatu.

Bado unaimba ukishona?

Nimempa Ronald maparachichi kumi na mawili ya ule mti wa nyuma ya nyumba ya mama. Mti bado unazaa.

Lois.

Voi,
11 Juni 2024.

Mwalimu,

Kuimba niliacha. Miaka minne iliyopita niliugua homa kali, nikalazwa hospitalini wiki mbili, na nilipotoka masikio yalikuwa yamefungwa. La kulia halisikii kitu. La kushoto linasikia ngurumo, na lori kubwa likipita karibu. Simu zako sikuziona mpaka jioni, na nambari sikuijua. Simu nimeiweka kwa ajili ya kutumiwa malipo na wateja. Wengi huonyesha kwa kidole wanachotaka, au wananiandikia.

Sasa kitambaa.

Nilianza na maduka. Flaneli ipo, ile ya kufungia watoto wachanga, nyembamba, na bei ya mita tano ingekula pensheni yako ya mwezi. Nikaenda kwenye mablanketi ya mtumba. Yana joto, lakini ni mazito. Ungefika kileleni umebeba kondoo mzima. Shuka za Kimasai niliziacha, zitakuwasha shingoni.

Jumamosi nikapita kwa Shanice, anayeuza mitumba karibu na mimi. Alikuwa amefungua beli ya nguo, na watu walishachagua yote mazuri. Chini kabisa, kwenye fagia, yale mabaki ya bei ya kutupa, palikuwa na magauni ya kuvaa juu ya nguo za kulalia, ya watu wazima, marefu hadi miguuni, ya kitambaa cha flisi. Ni kile chenye manyoya mafupi, chepesi, ukikishika mkono unapata joto papo hapo. Manne. Shanice alichukua kipande cha katoni akaniandikia: "Mama, hizi hakuna mtu wa Voi anataka. Utachemka ndani yake."

Nikamwambia, "Si zangu. Ni za mtu wa Mghange."

Akaandika tena: "Mwambie pole."

Nilivuta uzi mmoja nikauchoma kwa kiberiti. Haukuacha jivu, ulijikunja ukawa shanga ngumu. Maana yake si pamba, na hicho ndicho nilichokuwa natafuta. Yote manne yamegharimu chini ya mita moja ya flaneli ya dukani. Moja ni la waridi, mawili ya kijivu, na moja lina picha za ndege weusi wenye vifua vyeupe wanaosimama kama makarani. Usichague rangi.

Flaneli sitakushonea, hata ungeniletea bure, na nitakuambia sababu. Flaneli ni pamba, na pamba hunywa ukungu. Juu ya Vuria kila kitu hulala kimelowa. Harrison alikuwa ananiambia ile bitana ina joto, kwa sababu niliishona mimi. Lakini asubuhi nilikuwa naishika, nakuta maji, naitandaza juani kama nguo iliyofuliwa, na jua lenyewe halikuwa linakuja. Jioni alikuwa anaibeba hivyohivyo ikiwa mbichi. Miaka sita. Halafu kifua kikamuua.

Wanaume wa kwenu waliposema kwenye kikao baada ya mazishi kwamba sikumtunza mume wangu, sikubisha. Ulinishangaa, nilikuona. Sikubisha kwa sababu nilikuwa nimeshajihukumu kabla yao.

Maparachichi yalifika. Mawili yalikuwa yamebonyea.

Kathini.

Mghange,
16 Juni 2024.

Wifi Kathini,

Nimesoma barua yako kanisani, kwenye benchi la nyuma, kwa sababu nyumbani sikuweza. Sikujua kuhusu masikio yako. Mwaka mzima nimekuwa nikidhani ulikuwa unaitazama simu na kuiacha iite, na nilikuona una haki. Pole haitoshi, lakini pole.

Lililobaki ni gumu zaidi na nitaliandika bila kulizungusha.

Si flaneli. Harrison alikuwa na kifua tangu akiwa na miaka mitatu. Mama alikuwa akimfukiza kwa majani, amemfunika blanketi, na sisi tunakaa nje tukimsikia akivuta pumzi kama msumeno. Mara mbili baba alimbeba mgongoni hadi hospitali. Daktari alisema kifua hicho hakitampeleka uzeeni, na kwamba asikae kwenye baridi. Yeye akachagua kazi ya msitu, kwa kuwa hakuna kingine alichokipenda.

Ulipoposwa, mama alitukataza kukuambia. Alisema, "Msichana akijua, hatakuja." Sote tukanyamaza. Mimi nilikuwa mwalimu tayari, nafundisha watoto wa watu kusema kweli, nikanyamaza.

Na siku ya kile kikao baada ya mazishi, Bernard kaka yetu aliposema hukumtunza na kwamba hukuzaa hivyo urudi kwenu, mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Neno lilikuwa mdomoni. Ningesema tu, "Kifua kile tulizaliwa nacho nyumba hii." Sikusema. Kisha wakatafuta mtu wa kuandika barua ya kukuondoa, na wakanigeukia mimi kwa sababu ya mwandiko. Nikaandika.

Hiyo ndiyo sababu nilikuandikia. Kitambaa nakihitaji kweli, magoti ni yangu na baridi ni ya kweli. Lakini ulisema sawa, si kwa sababu ya kitambaa.

Usishone, usipotaka. Nitavaa sweta mbili.

Lois.

Voi,
9 Julai 2024.

Mwalimu Lois,

Ronald amekuja Jumanne tatu, na mara zote tatu amerudi mikono mitupu. Mara ya pili alisimama mbele yangu akiwa amefungua viganja kama anayeomba. Nilimtazama tu, nikaendelea kushona kola.

Mwandiko wa ile barua niliujua siku ileile. Ulikuwa unaandika herufi "k" yenye mkia, mimi nilikuwa nakutania kwayo. Hilo halikuwa habari kwangu. Habari ni kifua. Miaka kumi na moja nimeamka nayo ile flaneli, nikaifua akilini, nikaikamua. Nimewahi kumrudishia mteja pesa zake kwa sababu alitaka pajama za flaneli na mkono ukakataa kukata. Na nyinyi mlikuwa mnajua.

Sijakusamehe. Nimejaribu kuona kama nimesamehe, sijaona. Lakini baridi haina habari na mambo yetu, na kambi ni Jumamosi.

Bitana ni hii. Ya kijivu iko mgongoni na chini, ambako unalalia. Ya waridi iko kifuani. Ndege nimewaweka miguuni. Nimeipanua kwenye magoti kwa sababu unalala umekunja, na mwisho wa miguu nimeweka kitambaa mara mbili. Mishono yote iko nje, isikukwaruze. Upande wa kushoto nimeacha uwazi hadi kiunoni, ufanane na zipu. Kuna kamba nne za kufungia kwenye mfuko isijipinde ukigeuka.

Ikilowa ikung'ute, itundike, itakauka upesi. Usiipige pasi. Usikae nayo karibu na moto hata kidogo; kitambaa hiki hakiungui kwa ustaarabu.

Kathini.

Kambini, Vuria,
21 Julai 2024.

Wifi Kathini,

Nakuandikia nimekaa juu ya jiwe, karatasi juu ya goti, na ukungu unapita kati yetu na miti kama watu wanaokwenda mazishini bila haraka. Barua hii itashuka na mtu anayefuata unga.

Nina joto. Sijui niliandike vipi zaidi ya hapo. Baada ya usiku wa kwanza Daisy alikuja asubuhi kuniangalia kama ningali hai, akanikuta nimelala fofofo, jua liko juu. Wenzake wenye mifuko ya bei kubwa walikuwa wamekaa wamejikunyata kuzunguka sufuria. Wameiona bitana, wamewacheka ndege wa miguuni, halafu mmoja baada ya mwingine amekuja kuniuliza kimyakimya aliyeishona ni nani. Nimesema, "Mke wa kaka yangu." Sikusema "aliyekuwa".

Kazi ni nzuri. Wananiletea jani, nalisugua, nalinusa, na jina linakuja lenyewe, na sauti ya baba nyuma yake. Yapo mawili ambayo hayakuja. Nimelia kwa ajili ya moja.

Jana tulipita pale walipokuwa wakilala askari wa msitu. Kibanda kimeanguka, limebaki jiko la mawe matatu na bati moja. Kuna mti karibu nacho ambao Harrison alichonga alama za urefu, sijui alikuwa anapima nini. Nadhani alikuwa anapima miche aliyokuwa anaipanda, kwa maana kuna miti sita imesimama mstari mmoja, na msitu haujipandi kwa mstari. Imenizidi kimo mara tano.

Kabla sijapanda huku nilikwenda kwa Bernard. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nilimwambia, "Nataka Kathini aje aone kaburi la mumewe."

Akasema bila kuinua uso, "Nani amemkataza?"

"Wewe."

"Barua uliandika wewe."

"Niliandika mimi. Na ya kumwita nitaiandika mimi pia, upende usipende. Atalala kwangu."

Akaendelea kuchonga. Nilipofika kwenye ua akaniita, akasema, "Mwambie njia ya zamani imeharibika kwa mvua. Apite ya shule." Basi ndilo jibu lake, nimekupa kama nilivyolipata.

Uje, Kathini. Kama hutaki kuniona mimi, nitakufungulia mlango niende kulala kwa jirani.

Lois.

Voi,
30 Julai 2024.

Wifi,

Nimesoma ile sehemu ya miti sita mara nyingi, karatasi imeanza kulegea kwenye mikunjo.

Alikuwa anapima miche. Kila mwezi. Alikuwa akirudi ananiambia huu umeongeza kidole, huu umekwama, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Mungu hakutujalia mtoto na watu walidhani hatulizungumzi. Tulizungumza miche.

Naogopa kuja. Naogopa nitafika kibarazani nione mahali pa cherehani. Naogopa watu watasema nami na sitasikia, na wataona nina kiburi. Voi wamenizoea. Huko waliniacha nikiwa na masikio.

Nitakuja Jumamosi tarehe 24 Agosti, na nitarudi siku hiyohiyo. Usiwaambie watu kuhusu masikio. Sitaki kuonewa huruma, kama wewe na mzigo wako.

Usiende kulala kwa jirani. Huo ni upuuzi.

Kathini.

Voi,
27 Agosti 2024.

Wifi Lois,

Nilisema nitarudi siku hiyohiyo, na nililala siku mbili. Shanice alidhani nimekufa, alikuwa ameshaanza kuulizia.

Nimefika salama. Ninanuka moshi wako, sijaifua leso kwa sababu hiyo.

Yale tuliyoandikiana usiku kucha kwenye daftari lako la shule, umebaki nayo, usilitupe. Mkono wako ulikuwa unachoka, nikawa nakuona unauzungusha kifundo. Hujawahi kuchoka kuandika. Nilicheka pale ulipoandika kwamba mama alikuwa anajua nilikuwa napika mahindi ya muthokoi ya kwetu kwa siri, na alikuwa akija kuiba sufuriani nikienda kisimani. Nililia pale pengine, unapajua. Sina zaidi la kusema kuhusu kusamehe, ila niliamka asubuhi nikakuta umenifunika ile bitana, na sikuitoa.

Kibaraza hakipo. Nilikuwa nimejiandaa kukiona, na kumbe nyumba imebaki kuta mbili. Ilikuwa rahisi zaidi hivyo. Shamba letu nililikuta la juu limelimwa, la chini limefunikwa na majani hadi kifuani.

Sasa nataka kukuuliza jambo. Pale kaburini, nilipomaliza kuomba, Bernard alikuja akasimama upande wa pili, kofia mkononi. Amezeeka sana, sikutegemea. Midomo yake ilienda muda mrefu. Alikuwa anatazama chini, kwa hiyo hata kusoma midomo sikuweza. Alisimama, akaendelea, akajifuta uso kwa kofia. Rachel mkewe alikuwa amegeuka anatazama bonde. Alipomaliza aliinua macho akaningoja. Sikujua la kufanya. Nikasema, "Ahsante." Akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Ikiwa alinitukana, nimemshukuru kwa matusi. Ulikuwa umesimama nyuma. Alisema nini?

Kathini.

Mghange,
8 Septemba 2024.

Wifi yangu Kathini,

Sikusikia yote, upepo ulikuwa unayapeleka kwa Rachel. Na hata yale niliyosikia sitakuandikia. Nitakueleza kwa nini.

Nilikwenda kwa Bernard na barua yako. Nikamwambia, "Kathini hasikii. Ni miaka minne sasa." Najua ulinikataza. Nimevunja, unikaripie ukija.

Aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakusikia neno hata moja?"

"Hata moja."

"Lakini aliniambia ahsante."

"Alikuwa na adabu."

Akacheka kidogo, ile ya kujicheka mwenyewe, akasema alikuwa amejiandaa wiki mbili. Alikuwa akiyasema peke yake akikamua ng'ombe. Halafu akaniambia, "Basi mwandikie. Wewe ndiye mwenye mwandiko."

Nikamwambia mwandiko wangu ulishamtumikia mara moja na inatosha. Nikamwachia karatasi na kalamu, nikaondoka. Imemchukua siku tano. Rachel anasema amechana mara mbili, na mara moja alikwenda shambani na kalamu sikioni. Jana ameniletea bahasha amekwisha kuifunga. Sijaisoma, na sijasahihisha kitu, jambo ambalo kwa mwalimu si dogo. Naiweka ndani ya hii yangu.

Lois.

Mghange,
Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa tisa.

Shemeji Kathini,

Salamu sana. Mimi si mtu wa barua. Nilisoma mpaka darasa la sita na tangu hapo naandika tu jina.

Lois ameniambia hukusikia yale maneno pale kaburini. Nitayarudia lakini hayatatoka vile yalitoka.

Nilisema kwamba mimi na Harrison tulilala kitanda kimoja tukiwa watoto. Usiku nilikuwa nasikia ile pumzi yake, nikiona imenyamaza namgusa. Hakuna mtu anajua kile kifua kuliko mimi. Na ni mimi nilisimama mbele ya watu nikasema hukumtunza. Nilijua ni uongo nikisema. Nilikuwa na uchungu na nilikuwa natafuta mahali pa kuuweka, na wewe ulikuwa mgeni. Na pia niliogopa shamba litaenda kwa watu wa mbali. Hiyo pia ni kweli.

Kitu kingine ambacho Lois hawezi kukuambia. Mimi nilisema upewe wiki mbili uondoke. Yeye akaandika miezi sita. Nilipoona nilimkasirikia, tukakosana mwaka mzima, hakuwahi kunijibu. Nilikuwa nimetia sahihi bila kusoma.

Wewe uliondoka mwezi wa tatu, hukungoja hata hiyo sita. Siku hiyo nilikuwa nyuma ya zizi nikiona ile cherehani ikipandishwa kwa gari. Sikutoka kukuaga. Hiyo nayo nilisema pale.

Watoto wangu wako Mombasa na hakuna mmoja anataka jembe. Shamba la Harrison halikuuzwa. Nimelima la juu miaka hii yote na nikala, la chini sikuweza kuligusa, sijui kwa nini. Juzi nimeenda kwa chifu nikasema mbele yake ni lako. Ukitaka kuja kujenga, jenga. Ukitaka kubaki Voi na kazi yako, ni lako vilevile, mimi nitalima nikuletee na gari ya Ronald.

Nimeanza kufyeka la chini. Nimefika katikati. Mvua ya vuli haiko mbali, kwa hiyo uniandikie kabla ya mwisho wa mwezi unataka nipande maharagwe ama mahindi.

Ni mimi shemeji yako,
Bernard.